Jiwe la Junagadh na ndoo zangu sita

Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu hapa Rajkot aliingia chumbani kutengeneza feni, akakuta ndoo sita na madumu manne, yote pomoni. Akacheka mpaka akashika mlango. Namwita Kaka, kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo, kwa hiyo heshima yake haijapungua. "Unafungua duka la maji?" Nilinuna. Mtoto wa Dar ndoo tupu haimpi usingizi.

Kabla hamjanirukia: huku nako maji ni ya mgao. Saurashtra, hii rasi ya magharibi mwa Gujarat, ni kavu, mvua yake ni ya miezi michache. Bomba la mtaani hufunguliwa muda mfupi kwa siku. Ila saa yake inajulikana, na Kaka huwa ameshakunja suruali.

Jumapili akanipeleka Junagadh, kama kilomita 100 kutoka hapa, chini ya mlima Girnar. Kuna jabali lililojengewa nyumba, limechorwa maandishi ya watawala watatu katika muda wa karibu miaka 700. Ashoka, karne ya 3 KK, aliandika maadili. Waliomfuata wakaandika habari za bwawa! Bwawa la Sudarshana lilianzishwa enzi za Chandragupta, babu yake Ashoka, na liwali wake Pushyagupta. Wakati wa Ashoka, liwali wake Tushaspha akaongeza mifereji. Mnamo mwaka 150 BK, zama za mfalme Rudradaman, dhoruba ikapasua tuta: pengo la dhiraa 420 kwa 420, kina dhiraa 75. Washauri wakasema haliwezekani. Liwali wake Suvishakha akalijenga, na jiwe linadai fedha zilitoka hazina ya mfalme, bila kodi ya ziada wala shokoa. Karne ya 5 likapasuka tena, zama za mfalme Skandagupta, nalo likaandikwa.

Nilisimama pale nikaona wivu, nasema kweli. Wivu wenyewe si wa bwawa. Ni wa mtu kuchonga kwenye mwamba kwamba kitu cha serikali kiliharibika, kwa kiasi gani, na nani alikitengeneza.

Najua mtakayosema. "Miezi minane tu India, ushakuwa Mhindi." Wengine mtanikumbusha kwamba wafalme hujisifu. Kweli, huenda ile habari ya kodi ni mapambo. Na msiniletee kwamba namdharau Mwafrika. Mimi ndiye ninayewachosha wenzangu hapa kwa habari za Engaruka, mashamba yaliyomwagiliwa kwa mifereji karne nyingi kabla ya mkoloni, na bwawa la kuogea la pembe nane kule Husuni Kubwa, Kilwa. Maji tuliyajua. Ndiyo maana nachukia zaidi! Angekuwa mtu asiyejua, ningemsamehe.

Jioni nikamwomba dada anipigie picha lile jiwe la mradi wa maji mtaani kwetu, si mnayajua yale yenye pazia. Ikaja: jina la mgeni rasmi, cheo chake, tarehe ya uzinduzi. Bomba la pembeni limefungiwa mbuzi.

Nimemwonyesha Kaka. Akaitazama, akauliza nyuma ya jiwe pameandikwa nini.