Nani Alikwambia Wewe Si Mtu wa Kuongea?

Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye kikao cha kazi nikiwa na hoja yangu tayari. Nilikuwa nimeiandika daftarini usiku uliotangulia, mistari mitatu tu. Mkuu wetu akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikainamisha uso, nikaanza kuchorachora pembeni mwa ukurasa. Dakika kumi baadaye mwenzangu akasema jambo lile lile, karibu neno kwa neno. Wakalipokea kwa furaha, na kazi iliyotokana nalo akakabidhiwa yeye aisimamie. Alistahili kabisa, maana yeye ndiye aliyefungua kinywa.

Nilipotoka pale nilijiambia maneno niliyoyazoea tangu utotoni: "Mimi si mtu wa kuongea."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Hayasemi kwamba siku ile niliogopa, wala kwamba ningeweza kujiandaa vizuri zaidi. Yanasema ndivyo nilivyo. Woga wa dakika moja unageuzwa umbile, na umbile mtu halishughulikii, analibeba tu.

Haiba ya mtu, yaani tabia yake ya msingi, ni jambo moja, picha anayojichorea kuhusu haiba hiyo ni jambo jingine. Wanasaikolojia wengi siku hizi huipima haiba kwa sifa tano: utayari wa kupokea mambo mapya, umakini katika wajibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anazo zote tano, ila kwa viwango tofauti, na wengi wetu tuko katikati. Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu haiba na utendaji kazini. Sifa iliyoonekana kusaidia katika kila kundi la kazi walilolichunguza ni umakini: kumaliza ulichoanza, kutimiza ahadi, kufika kwa wakati. Uchangamfu ulisaidia hasa kwa wauzaji na mameneja. Kwa hiyo mkimya hana sababu ya kudhani milango imemfungia. Mimi mwenyewe ni mkimya na sina ugomvi na ukimya wangu. Ugomvi wangu uko na ile picha.

Yangu najua ilikotoka. Nilikuwa na miaka minane hivi. Wageni walikuwa wamekaa, nami nimesimama kando ya kiti cha shangazi. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Huyu wetu hana maneno kabisa, mtulivu huyu!" Wageni wakanitazama kwa upendo. Alikuwa ananisifu, na sifa kwa mtoto ni tamu, hivyo nikailinda. Kuanzia siku ile, kila niliponyamaza nilijiona mwema, na kila nilipotaka kusema niliona kama naharibu kitu alichonipa shangazi. Simlaumu. Alisema kwa mapenzi, akasahau kesho yake. Mimi nilitembea nayo miaka zaidi ya ishirini.

Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli kwa malezi. Tatizo ni pale mtu mzima anapojitumia methali hiyo kama hukumu: nimeshakauka, sikunjiki tena. William James, mmoja wa waasisi wa saikolojia, aliandika mwaka 1890 kwamba kwa wengi wetu, tukifika miaka thelathini, tabia imeshaganda kama plasta. Utafiti wa baadaye haukumuunga mkono. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walichambua matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa muda, wakakuta haiba huendelea kubadilika ukubwani, na mabadiliko mengi hutokea kati ya miaka 20 na 40. Ndio umri ule ule ambao watu hujitangazia kwamba wamekwisha kuwa walivyo!

Hubadilika kwa njia gani? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotuambia tusimame mbele ya kioo tujisifu. Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake mwenyewe, alieleza kwamba chemchemi kubwa ya imani hiyo ni kulifanya jambo na kuona umeliweza. Maneno ya kutiwa moyo yanasaidia, lakini nguvu yake ni ndogo zaidi. Utafiti wa Nathan Hudson na wenzake wa mwaka 2019, uliochukua wiki 15, ulionyesha jambo linalofanana na hilo. Waliotekeleza vitendo vidogo walivyovichagua kila wiki ndio haiba yao ilisogea kuelekea walikotaka. Kukubali zoezi bila kulifanya hakukuwasaidia.

Najua kuna sehemu za kazi ambako anayesema huadhibiwa, na hapo kunyamaza ni busara, si picha mbovu ya nafsi. Kwangu haikuwa hivyo. Nilijiwekea sharti moja: katika kila kikao niulize swali moja kabla ya robo saa ya kwanza kuisha. Swali la kwanza lilihusu tarehe iliyokosewa kwenye ukurasa wa nne wa ripoti. Sauti ilitetemeka na masikio yakawaka moto. Mtu akanijibu, tarehe ikarekebishwa, kikao kikaendelea. Hakuna aliyeshangaa ila mimi. Mpaka leo baada ya mkusanyiko mkubwa nahitaji kukaa peke yangu nipumue, na sioni haja ya kubadili hilo. Ila ile sentensi imenitoka.

Mwezi uliopita kijana ninayefanya naye kazi alipewa jedwali la bajeti alipitie. Akalisogeza upande wangu kabla hata hajalifungua vizuri. "Mimi si mtu wa hesabu," akasema, kwa utulivu kabisa, kama anayetaja jina lake.

Nikamuuliza, "Nani alikwambia?"

Akanyamaza kidogo. "Kaka yangu. Nilikuwa darasa la nne."

Nikavuta kiti karibu yake, tukaanza na mstari wa kwanza.