Anza na Mfumo, Halafu Ndiyo Uende Luthuli

Vijana wengi wanaoniuliza wanunue kompyuta gani ya kuwekea macOS, mfumo-endeshi wa kompyuta za Apple ziitwazo Mac, huwa wameshanunua. Hapo ndipo taabu inapoanzia. Ukitaka mashine ya Windows, unaweza kushuka Luthuli Avenue, Nairobi, na pesa zako, uchague iliyokupendeza, na draiva, zile programu za kuendeshea vifaa vyake, zitapatikana. macOS haiendi hivyo. Apple hawakuitengenezea kompyuta ya HP iliyostaafishwa na ofisi fulani Uingereza ikaletwa kwetu kwa kontena. Inavijua vifaa vilivyowahi kukaa ndani ya Mac, basi. Kwa hiyo anza na mfumo, rudi nyuma hadi kwenye prosesa, ndipo utoke nyumbani.

Mimi nilikuwa nataka Xcode, programu ya Apple ya kuundia programu nyingine. Nilikuwa najifunza kuunda programu za iPhone, na Xcode haikubali kukaa kwingine ila kwenye macOS. Mac mpya sikuiweza. Nilisoma wiki mbili nzima kabla ya kununua hata skrubu, nikakutana na jambo lililonifurahisha mno: Mac mini ya 2018 ilitoka, kati ya nyingine, na prosesa ya Intel i5-8500B, kori sita, na grafiksi za UHD 630 humo humo. Sasa zile kompyuta za ex-UK zinazopangwa madukani kama matofali, tele kati yake zina i5-8500. Ni ndugu wa tumbo moja. Nililipa shilingi 23,000, nikaongeza ramu na SSD.

Muuzaji alinisihi nichukue na kadi ya grafiksi ya NVIDIA GT 1030. "Bosi, bila kadi hutafika mbali." Alinitakia mema, na kwa Windows ningemsikiliza. Lakini kadi za kizazi hicho hazina draiva kwenye macOS tangu toleo la Mojave la 2018. Nilimshukuru, nikaiacha juu ya kaunta.

Kazi yenyewe hufanywa na programu iitwayo OpenCore. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza na kuiaminisha macOS kwamba iko ndani ya Mac. Mwongozo wake umeandikwa vizuri, usome wote. Kilichonikalisha macho ni USB. macOS huhesabu milango 15 tu kwa kila kidhibiti, na tundu moja la USB 3 huhesabiwa mara mbili, kwa sababu lina njia ya zamani na njia mpya. Mashine yangu ilipitisha hesabu hiyo. Nilifika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, kibodi ikafa, mausi ikafa. Nikarudi Windows, nikachukua fulashi mbili, ya zamani na ya kasi, nikazichomeka kila tundu, mbele na nyuma, huku nikibandika kwa selotepu vipande vya karatasi vyenye majina ya milango: HS01 na HS02 za njia ya zamani, SS03 ya njia mpya. Matundu mawili niliyazima kabisa. Saa nane za usiku kibodi iliitika, na nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa stima.

Leseni ya macOS inaruhusu kompyuta za Apple pekee, na hilo nalisema waziwazi. Mimi hii ni ya kujifunzia, na kamwe siwaundii watu kwa pesa. Kampuni ya Psystar kule Florida iliuza kompyuta za namna hii, Apple wakaishtaki 2008, na mwaka uliofuata mahakama ikaamua dhidi yake.

Wapo wanaosema mambo haya yamekwisha. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba macOS 26, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel, na Mac mini ya 2018 haimo hata katika orodha ya zinazoipokea Tahoe. Yangu imebaki Sequoia, toleo lililotangulia Tahoe. Xcode mpya hazitaikubali milele, najua. Lakini anayeanza leo anahitaji mahali pa kuandika Swift, lugha ya kuundia programu za iPhone, na kukosea mara mia, na Sequoia inampa mahali hapo kwa bei ambayo mzazi wa mitaa ya Umoja au Kayole anaweza kuichangachanga. Kumwambia asubiri hadi apate Mac halisi ni kumfungia mlango.

Juzi mtoto wa jirani alinijia kabla ya kununua, wa kwanza kufanya hivyo. Jumamosi tunashuka mjini pamoja. Nimemwandikia karatasi: i5-8500, UHD 630, kadi ya NVIDIA asikubali hata akipewa bure. Fulashi mbili nitamwazima zangu.