Wizi wa Herufi Tatu

Ilikuwa wiki ya kusahihisha moko ya kidato cha sita. Tulijazana kwenye bwalo la shule moja pale Mtwara mjini, feni inazunguka inapojisikia, kila mwalimu na bunda lake na kalamu yake nyekundu. Paneli ya Hisabati ya Juu tulijitenga kwenye madirisha ya upande wa bahari, maana kiongozi wetu, mzee aliyeanza kufundisha PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, baadhi yetu tukiwa bado tunanyonya, hakupenda kelele za watu wa Historia.

Chai haijaletwa, mzee akapiga meza.

"Tumeibiwa!"

Hata Historia wakanyamaza.

Akainua karatasi juu. Swali lilikuwa la namba changamano, zile zenye i, ambayo mraba wake ni hasi moja: tafuta vipeuo vya tatu vya 8i. Mwongozo ulitaka kila kipeuo kiandikwe kwa kirefu, kosaini ya pembe, jumlisha i mara saini ya pembe. Mtahiniwa kaandika 2cis30°, 2cis150°, 2cis270°, kapiga mstari, kahamia swali jingine.

"Nikasema huyu kachanganyikiwa," mzee akaendelea. "Nikafungua wa pili: cis. Wa tatu: cis. Kituo kizima, cis! Jamani, darasa zima linakoseaje namna moja? Hii ni alama ya siri. Mtihani umevuja."

Sikuwa na haja ya kutazama namba ya kituo. Hao ni watoto wangu, wa kule juu kwenye uwanda wa Makonde, na cis nimewafundisha mimi. Nitawafundisha hata kesho. Mtu ana saa tatu tu kwenye chumba cha mtihani, unamwandikisha kosaini na saini kila mstari ili iweje? C ya kosaini, i yenyewe, s ya saini, basi. Ukizidisha, pembe unazijumlisha, ukigawanya, unazitoa. Na ukitaka kuhakiki vile vipeuo, vipandishe kipeo cha tatu: 2 inakuwa 8, na pembe zinakuwa 90, 450 na 810, ambazo ukizizungusha zote zinatua pale pale kwenye 90. Ndiyo 8i hiyo. Watoto walikuwa wamepata!

Lakini habari ilishatoka. Chai ilipoingia, Baiolojia walikuwa na uhakika kwamba kuna mwalimu kakamatwa stendi na karatasi kwenye soksi. Jiografia wao walisema ni wawili.

Nikasimama. "Mzee wangu, shikamoo tena. Hiyo siyo siri, ni ufupisho, tena wa siku nyingi. Hamilton, yule mwanahisabati wa Ireland, aliutumia kwenye kitabu chake kilichotoka 1866."

"Yeye mwenyewe ulimuuliza?"

"Alifariki 1865, mzee."

"Unaona? Kitabu kimetoka mwenyewe hayupo. Nani kamsahihisha?"

Bwalo zima likaangua kicheko, na watu wa Historia ndio waliocheka kwa nguvu kuliko wote, ilhali tarehe ndiyo kazi yao. Sikukata tamaa. Nikachukua chaki, nikawaonyesha kanuni ya De Moivre, ile ya kupandisha namba hizi vipeo, kwa kirefu, kisha kwa kifupi. Mwalimu mmoja wa kutoka Lindi akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Mzee naye akavua miwani, dalili kwamba analegea. Nikajiona wakili.

Hapo ndipo yule mwalimu wa Lindi, kwa nia njema kabisa, akasema, "Ngoja nichomoe mmoja tuone anavyofanya kazi." Akachomoa. Akasoma. Akamsogezea mzee karatasi bila neno.

Mtahiniwa alikuwa na cis45° mara cis45°. Jibu ni cis90°, yaani i. Yeye alizichukua c, i na s kama herufi tatu zinazozidishana, kila moja na maisha yake. Kwa hiyo c ikawa c mraba, s ikawa s mraba, 45 mara 45 ikawa 2025, na i mraba, kwa kuwa mtoto anajua somo lake, ikawa hasi moja. Jibu: −2025c²s². Akalipigia mistari miwili chini.

Mzee akavaa tena miwani. "Huyu kaandika tarehe?"

Sikuwa na jibu.

"Na tarehe yenyewe ni kabla ya Kristo."

Uamuzi ukatoka: atakayekuwa ameeleza mara moja pale juu kwamba cis ni nini apewe alama zake, ambaye hakueleza, akose alama ya njia. Na kwa kuwa lugha hiyo mwenye nayo ni mimi, bunda lote la kituo kile nikakabidhiwa peke yangu nilipitie upya. Wenzangu jioni wakaenda Shangani kula pweza. Walinitumia picha.

Shule ilipofunguliwa nikamtafuta yule kijana, mwandiko wake naujua. Nikamuuliza taratibu, kama mzazi, ilikuwaje.

"Mwalimu," akanijibu, uso umejaa huruma kwangu, "mimi mwenyewe zile c na s sikuzipenda. Nilitaka kuzikata. Lakini chini hapakuwa na za kukatana nazo."