Usinunue taa ya kupigia polishi kwa kuangalia wati

Wacha niseme msimamo wangu mapema tusizungushane: kama unapiga polishi magari hapa Malindi na una pesa ya taa moja tu, nunua LED, achana na halojeni, ile taa ya zamani ya uzi unaowaka. Lakini sio LED yoyote, na hapa ndipo vijana wengi wa kuosha magari wanapotea, manake wanaingia dukani swali la kwanza ni wati ngapi, na mwenye duka anawatolea ile fladi kubwa ya kumulikia geti, wanarudi nayo wamefurahi kwa sababu banda zima limekuwa mchana. Sasa banda kuwa mchana sio kazi ya taa ya polishi. Kazi yake ni kukuonyesha ubaya wa rangi leo, kabla mwenye gari hajauona juani kesho, na mwanga mwingi uliomwagika kila pahali unauficha huo ubaya.

Chukua mlango wa Prado nyeusi, ile imekuja kutoka Japani ikiwa safi halafu ikaoshwa hapa miaka miwili kwa sifongo ile ile na ndoo moja, mchanga unakaa chini ya ndoo na unarudi kwa bodi kila ukichovya. Mchana chini ya makuti huo mlango unang'ara vizuri tu, ukipitisha kiganja ni laini. Ngoja magharibi iingie, zima tyubu za juu, shika LED ndogo yenye jicho moja, iweke kando ya mlango kama urefu wa mkono hivi, na uuache mwanga ulale juu ya bodi, usiipige uso kwa uso. Utaona miviringo imezunguka pale taa inapojiona, kama utando wa buibui, na ukisogeza taa kwenda kwa kitasa miviringo nayo inahamia kwa kitasa. Watu wanadhani imechorwa duara kwa sababu kitambaa kilizungushwa. Hapana, mikwaruzo imeenda kila upande, juu chini kushoto kulia, ila ni ile tu iliyokingama na mwanga ndio inaurudisha kwa jicho lako, hiyo nyingine ipo hapo hapo na huioni. Ndio maana taa ya polishi haiachwi kwa stendi pahali pamoja mpaka kazi iishe, inatembezwa, inainuliwa, inashushwa mpaka chini ya mlango kule kwa matope.

Sasa bila kugusa kitu kingine washa ile fladi kubwa nyuma yako. Miviringo inafifia karibu yote. Haijatoka, mwanga umekuja kutoka pande nyingi kwa pamoja na bodi yote imekuwa nyeupe nyeupe, jicho halina pa kushika. Fundi aliyefanya kazi chini ya fladi tatu atakuapia gari imetoka safi, na yeye kweli ndivyo alivyoona, halafu mwenye gari anaegesha Barabara ya Lamu saa nne asubuhi, jua moja kali linapiga bonneti kutoka juu, na alama zote za rotari, ile mashine ya kuzungusha padi ya polishi, zinajitokeza zimepangana. Jua ni jicho moja. Taa yako ikague kama jua linavyokagua.

Kwa hivyo ukienda dukani angalia uso wa taa. Kuna zile za bapa la njano, wanaziita COB, chembe nyingi ndogo zimebanwa pamoja chini ya ule utando wa njano, mwanga wake ni mpana na mlaini. Hizo nazipenda sana kwa kuosha viti, kapeti, dari, ndani ya buti, chini ya bonneti, manake hazitupi kivuli kikali. Kwa kutafuta mikwaruzo hazifai, au zinafaa kidogo sana. Ya mikwaruzo ni ile yenye jicho dogo lililokusanya mwanga, hata kama ni ya ukubwa wa tochi. Na iwe na swichi ya kupunguza, manake kwa gari nyeusi mwanga ukizidi unajiumiza macho tu, unapunguza mpaka unaona.

Halojeni nayo nisiionee. Ule mwanga wake ni mwanga mzuri jamani, na mafundi wa zamani wanaoulilia wana haki yao. Ndani kuna uzi wa tangsteni unaowaka mpaka unakuwa mweupe, na chochote kinachowaka vile kinatoa rangi zote bila kuruka, ndio maana kwenye kile kipimo cha CRI, kinachosema rangi zinaonekana kwa ukweli kiasi gani, halojeni inakaribia 100. LED nyeupe inatengenezwa vingine kabisa. Ni chembe ya bluu iliyofunikwa unga unaogeuza sehemu ya ile bluu kuwa njano, ukichanganya jicho linaona nyeupe (ile chembe ya bluu ilikuwa ngumu kutengeneza mpaka wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake). Sasa bluu na njano zipo, nyekundu je? Kwa LED za bei rahisi nyekundu ni chache mno. Peleka Demio ya maruni chini yake uone, inageuka kama kahawia iliyochoka, na ukijaribu kulinganisha rangi ya kurekebisha pale palipochubuka utapata inayofanana usiku, asubuhi ukute kiraka.

Lakini hilo dawa yake ipo, na ndio sababu sirudi kwa halojeni. Zipo LED za CRI 90, zipo za 95 na zaidi, na boksi likiwa na hiyo namba litakuwa limeiandika mbele kwa sababu ni ya kujivunia, kama haijaandikwa popote chukulia ni 80 au chini ya hapo. Kwa mtu wa kuosha na polishi 90 inatosha. Kwa anayegusa rangi, wale jirani zetu wa kupuliza, wasishuke 95. Zingine zina kitufe cha kubadilisha mwanga kutoka ule wa manjano, Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) kama 3,000 hivi ambao ndio wa halojeni, mpaka ule wa bluu bluu wa 6,500. Kwa macho yangu magari meupe, na hapa kila Probox na kila Noah ni nyeupe, mabaki ya polishi yanaonekana haraka ukishusha kwenda kwa ule wa manjano, ukiacha ule wa bluu, nyeupe inameza nyeupe.

Sababu kubwa ya mimi kuikataa halojeni ni joto. Taa ya wati 500 karibu zote zinaishia kuwa joto, mwanga ni kipande kidogo tu, na lile joto linakuja mbele pamoja na mwanga, linaipiga bodi ile ile unayoifanyia kazi. Ulaya kwenye gereji baridi pengine ni baraka. Hapa ni kaskazi, mwezi wa pili, saa moja usiku na bati la gari bado lina joto la jua la mchana, halafu unalisogezea jiko umbali wa futi mbili. Kompaundi, ile dawa ya kukwangulia mikwaruzo, inakauka kabla haijakata, inakuwa vumbi jeupe, padi inaanza kunata na kuruka, unaongeza kompaundi, unaongeza maji, unaharibu zaidi. Kwa seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi kuikinga, ndio balaa kabisa, manake ile dawa ina muda wake wa kupakwa, kungojwa, kisha kufutwa, na bodi ikiwa ya moto ule muda unakatika, unapofika kufuta imeshashika, inabaki mabaka meusi meusi kama mafuta ambayo hayatoki tena kwa kitambaa, yanatoka kwa kupiga polishi upya. Mteja amelipia seramiki wewe unaikwangua. Bampa za plastiki nazo sitaki kuzisema.

Halafu maji. Sisi kazi yetu ni maji, sakafu imelowa kutoka asubuhi, mtu ana hospaipu huku na huku kuna waya wa ekstensheni umepita katikati wenye volti 240. Kioo cha halojeni kikiwa cha moto tone moja la maji baridi linaweza kukipasua, na ukibadilisha tyubu yake huruhusiwi hata kuishika kwa vidole vitupu kwa sababu mafuta ya ngozi yanabaki kwenye kioo, pale yalipo panapata moto zaidi na tyubu inakufa mapema. Nani kwenye banda la kuosha ana vidole visivyo na mafuta? LED ya betri haina waya, ukiiangusha mara nyingi inaamka, na kijana wako ataishika kwa mkono mmoja huku mwingine una kitambaa. Kwangu hilo la waya peke yake lingetosha hata kama mwanga ungekuwa sawa sawa.

Stima sitaichelewesha, hesabu ni nyepesi. Halojeni mbili za wati 500 kwa saa nne ni yuniti nne za tokeni. LED mbili za wati 50 kwa muda huo huo ni nukta nne ya yuniti. Na ukiambiwa zile za 50 hazifikii, jibu ni kwamba hauhitaji zifikie, tumeshasema mwanga mwingi sio lengo. Tena hata Ulaya zile tyubu ndefu za halojeni zenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zaidi ya 2,700 zilizuiwa kuingizwa sokoni kuanzia Septemba 2021, kwa hivyo anayenunua stendi ya halojeni leo ajiulize miaka ijayo tyubu atazipata wapi.

LED zina shida zake na nataka mzijue kabla hamjatoa pesa. Ya kwanza ni kupepesa. Stima yetu inapinda mara 50 kwa sekunde na taa iliyotengenezwa kwa ubahili inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kichwa kinauma ukikaa nayo, na video zako za kuonyesha wateja zinatoka na mistari mieusi inayopanda juu. Ukiwa bado dukani iwashe, fungua kamera ya simu uielekezee, ukiona mistari mwambie asante uondoke. Ya pili, zile wati zilizoandikwa. Nyingi zinaandika 500 kumbe zinakula 50, ikiwa nyepesi mkononi na haina mapezi ya chuma mgongoni ya kutoa joto basi hiyo namba ni ya uongo, manake LED nayo inapata moto, ila moto wake unatokea nyuma.

Ya tatu ndio yetu watu wa pwani, chumvi. Halojeni ikifa unabadilisha tyubu kwa bei ndogo unaendelea. LED ikifa nyingi zimebandikwa kwa gundi, hazifunguki, unatupa yote. Na hewa hii ya bahari inaingia kwenye tundu la chaji, kwenye swichi, kwenye skrubu, ikianza kijani pale kwa chaji ujue mwisho umekaribia. Tafuta iliyoandikwa IP65, alama ya kuzuia vumbi na maji, au zaidi na yenye kizibo cha mpira kwenye tundu la chaji, na kizibo kikitoka usiseme ni kidogo, kitafute. Usiiache kwenye dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani, betri ya lithiamu haitaki joto hilo. Jioni ukimaliza ipanguse kwa kitambaa cha maji baridi ya mfereji, sio ya kisima, kisima cha karibu na bahari nacho kina chumvi, halafu uikaushe kabla ya kuichomeka.

Kama pesa inatosha mbili, ya pili iwe ile ya bapa kwa ajili ya ndani ya gari, na hiyo hata ikiwa ya CRI 80 haina neno.