Usiandike Pembe, Bofya Nukta

Jengo lilikuwa na urefu wa mita 48, na lilitakiwa likae sambamba na mpaka wa nyuma wa kiwanja, mita 3 kutoka mpakani. Nikaupima ule mpaka kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, nikapewa pembe ya nyuzi 23. Nikachagua jengo zima, nikaita amri ya kuzungusha, ROTATE, nikabofya kona ya kushoto iwe kitovu, nikaandika 23, nikagonga Enter. Kwa macho likakaa sawasawa kabisa. Siku ya kuandika vipimo ndipo nikaona: kona ya kushoto iko mita 3 kutoka mpakani, ya kulia iko mita 3.33 na kidogo.

Mpaka ulikuwa na nyuzi 23.4. Programu ililijua hilo tangu mwanzo, ila ukiiacha ilivyo huonyesha pembe bila desimali, hadi uingie kwenye UNITS, mpangilio wa vipimo, uiambie ionyeshe zaidi. Mimi nikaichukua namba iliyofupishwa kwa ajili ya kusomwa, nikaifanyia kazi. Nyuzi 0.4 unaweza kuziona si kitu, lakini zikitembea mita 48 zinazaa pengo la zaidi ya sentimita 33. Na kuongeza desimali hakumalizi tatizo: kosa la nyuzi 0.01 tu, kwenye urefu wa mita 100, ni milimita 17 hivi.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja, na namwambia kila ninayekaa naye mbele ya skrini: kama ndani ya mchoro kuna mstari unaotaka kuufuata, usiandike pembe. Ionyeshe programu nukta, ikokotoe yenyewe.

Njia yenyewe imo ndani ya amri ileile. Ukishabofya kitovu, andika R (kifupi cha Reference, yaani rejeo). Programu itakuuliza pembe ya sasa. Usijibu kwa namba, bofya kona moja ya ukuta kisha kona ya pili. Halafu itauliza pembe mpya. Kama mstari unaoulenga unapita kwenye kitovu chenyewe, bofya nukta yoyote juu yake, basi. Kama uko pembeni, kama ulivyokuwa mpaka wangu, andika P (Points, yaani nukta), kisha bofya ncha zake mbili. Fuata mwelekeo uleule uliotumia kwenye ukuta, kushoto kwenda kulia. Ukiugeuza, jengo litakugeukia nyuzi 180. Na osnap, kinachoinasa nukta kwenye kona yenyewe, iwe imewashwa, maana kubofya karibu na kona si kubofya kona.

Hakuna mahali ulipoandika namba hata moja, na jengo limelala sambamba na mpaka kwa usahihi wote ambao kompyuta inao.

Naamini wengi hatuijui R kwa sababu ya namna tulivyofundishwa. Zoezi la kwanza la kuzungusha huwa ni mraba na nyuzi 45. Mraba ule hauna jirani, hauna mpaka wa kuufuata, kwa hiyo namba inatosha na mwanafunzi anaondoka akiamini itatosha siku zote. Laiti zoezi la kwanza lingekuwa mistari miwili iliyoinama ovyo, na agizo la kuulaza mmoja sambamba na mwingine.

Namba ina nafasi yake, sikatai. Pembe ikitoka nje ya mchoro, kwa mfano kwenye karatasi ya mpima ardhi, itabidi uiandike. Hapo angalia anakoanzia kuhesabu. Mpima huanzia kaskazini na kufuata mwendo wa saa. AutoCAD, ukiiacha ilivyo, huanzia mashariki, pale penye namba 3 kwenye uso wa saa, na kwenda kinyume. Kwa hiyo beringi, yaani pembe ya mpima, ya nyuzi 60 kwake ni pembe ya 30. Mpangilio huo unaweza kubadilishwa, lakini mimi siugusi, kwa sababu mabadiliko yanasafiri na faili na atakayelifungua hatajua.

Linaloniuma kuliko yote ni mtu kuizungusha ramani ya upimaji yenyewe ili jengo lionekane limenyooka kwenye karatasi. Koodineti zote, yaani namba zinazotaja mahali kila nukta ilipo, zinahama. Mchoro wa barabara na ule wa mitaro, iliyochorwa na watu wengine, haiangukii tena mahali pake. Na hakukuwa na haja: elekeza UCS, yaani mhimili wako wa kuchorea, kwa kubofya nukta mbili za ukuta, kisha ita PLAN, amri ya kuutazama mchoro kwa mhimili huo. Skrini inageuka, ardhi inabaki ilipo.

Ndiyo maana nikipokea faili, kabla ya lolote nabofya bikoni mbili, alama za mpima kwenye kiwanja, kwa amri ya ID inayotaja koodineti za nukta, na kulinganisha na orodha ya mpima. Zikitofautiana, nauhamisha mchoro wote ili bikoni ya kwanza iangukie kwenye koodineti zake, naita ROTATE, naifanya bikoni hiyo kitovu, naandika R, naibofya tena pamoja na ya pili, kisha nabofya nukta niliyoiweka pale ya pili inapotakiwa kuwa. Halafu nakagua ya tatu, ambayo sikuigusa. Ikiwa imeanguka mahali pake, ndipo naifungua leya (tabaka la mchoro) ya jengo.