Nilikuwa Namngoja Nani?

Sisi tuishio ughaibuni tuna usemi ambao haukosi kila tukutanapo harusini au msibani: kwamba Mzungu hulelewa kujiamini, nasi tumelelewa kuinamisha kichwa na kungoja mkubwa aseme. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa saba Uingereza, na niliyoyaona hayakubaliani na usemi huo.

Kabla ya kusafiri nilifanya kazi katika zahanati moja wilayani Handeni, ambako usiku tulikuwa wawili tu, mimi na mlinzi. Mama aliyejifungua akianza kutoka damu nyingi, hapakuwa na mtu wa kumwuliza: nilichoma sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, nikaukanda mji wa mimba mpaka nikahisi umekaza chini ya kiganja, huku mlinzi amesimama mlangoni, uso ameuelekeza nje kwa heshima, mkono ameurudisha nyuma kunimulikia tochi. Ni kweli kwamba asubuhi, mganga alipofika, nilirudi kuitikia “ndiyo, daktari” hata kwa jambo nililolijua vizuri kuliko yeye, na unyenyekevu wa namna hiyo siutetei. Lakini uamuzi wa saa nane usiku ulikuwa wangu, na kijiji kizima kilijua hivyo.

Uingereza nilianza upya. Vyeti vilikaguliwa, Kiingereza changu kikatahiniwa, nikafanya mtihani wa vitendo, na ingawa nilifaulu yote, niliingia wodini na tabia mpya ya kuuliza hata niliyoyafahamu. Kila niliposema jambo niliombwa nilirudie; na mtu anayerudishwa kila mara huishia kusema kila kitu kama swali.

Hospitali za huku hutumia NEWS2, hesabu ya alama zinazotokana na pumzi, oksijeni, shinikizo la damu, mapigo ya moyo, fahamu na joto la mwili; jumla ikifika 7, muuguzi hutakiwa kuita msaada wa dharura bila kujali cheo chake. Usiku mmoja mzee niliyemhudumia alivuta pumzi 26 kwa dakika, mapigo 112, kipimo cha juu cha shinikizo 98. Alama tatu, mbili, mbili: saba. Nilijumlisha, nikajumlisha tena, kisha nikamwendea mwenzangu kumwuliza anaonaje. Akasema ningoje kidogo, nikamwendea wa pili. Zilipita dakika 20 kabla sijapiga simu. Mzee alipona, namshukuru Mungu. Msimamizi wa zamu, Mwingereza asiye na maneno mengi, aliniuliza swali moja tu: nilikuwa namngoja nani?

Nililia katika chumba cha dawa, kwa sababu niliikumbuka ile tochi.

Ninachokiheshimu huku ni kwamba mamlaka ya muuguzi yameandikwa: usajili una jina langu, nami ndiye nitakayejibu mbele ya baraza la wauguzi nikinyamaza. Handeni nilipewa mamlaka hayo na uhaba wa watu, yakaondoka kila mkubwa alipoingia mlangoni. Natamani wauguzi wa nyumbani wayapate kwa maandishi, wayatumie mchana kweupe, mganga akiwapo.

Wiki iliyopita muuguzi mgeni kutoka Kerala, India, aliniletea karatasi yenye jumla ya 7, akaniuliza naonaje. Nilimsogezea simu, akabonyeza mwenyewe 2222, namba ya dharura ya hospitali.