Kompyuta Imegoma

"Kompyuta yangu imegoma, nifanyeje?"

Nililirusha swali hilo kwenye kundi la mtandaoni kwa simu, vidole vikitetemeka. Ni kompyuta gani, imegomaje, sikusema. Majibu yakaja kama mvua. Wa kwanza: "Sikiliza madai yake." Wa pili: "Pole." Wa tatu akasema hata yake imegoma, dawa ikipatikana asisahaulike.

Kisa chenyewe: nilifuta vumbi kwenye kibodi ya laptopu yangu ndogo, ya zamani, bila kuizima. Tangu hapo nywila ikakataliwa. Naandika, naona vidoti, naambiwa nimekosea. Jina la mke wangu hilo, nalikoseaje?

Nikabadili swali kitaalamu: "Kibodi ya laptopu inafunguliwaje?" Lo! Mafundi wa kweli wakajitokeza. Toa betri kwanza, panga skrubu kwa mpangilio wa kuzitoa, utepe wa kibodi uuchomoe polepole. Nikafungua, nikapuliza, nikafunga. Nywila ikakataliwa vilevile, na mezani zikabaki skrubu nne. Siwalaumu. Niliuliza namna ya kufungua, wakanifundisha kufungua.

Usiku nikabofya kile kijicho cha kuonyesha nywila. Jina la mke wangu likatokea kama namba ya gari. Mwenye jina alikuwa nyuma yangu. Alisoma, akaguna, akaenda kulala.

Ndipo nikaandika swali la tatu: "Laptopu ndogo, ya zamani. Nimefuta vumbi kwenye kibodi ikiwa imewaka. Sasa M inatoa 0, I inatoa 5, U inatoa 4. Nikiandika 'mimi' inatokea 0505. Nimeifungua kibodi na kuirudisha, bado."

Dakika haikuisha. "Num Lock imewaka. Shika Fn, bonyeza kitufe cha NumLk." Akaongeza kwamba laptopu nyingi ndogo za zamani hazina nafasi ya tarakimu za pembeni, hivyo baadhi ya herufi zimepangishiwa tarakimu, na Num Lock ikiwaka hutoka tarakimu badala ya herufi. "Tazama pembeni mwa M."

Nikainama na tochi. Kisifuri kimejibanza pale, kidogo kama yai la chawa. Nimekaa nacho miaka yote hiyo!

Nikabonyeza. Ikafunguka.

Nikiwa bado na moto wa kuuliza vizuri, nikaandika la nne: "Nina skrubu nne za laptopu, mbili fupi, mbili ndefu, zote nyeusi. Zinarudi wapi?"

Yule yule akajibu: "Ulizitoa wapi?"